Imbwa Isiyobweka ya Mama wa Karuba

Ntoto, Walikale, tarehe 9 mwezi wa pili 1955

Kwako Mama Dorothée, wewe unayejibu barua za watu katika gazeti letu,

Nakuomba unisikilize mupaka mwisho mbele ya kuanza kunigombeza, maana bibi yangu wa ndoa Godelieve amekwisha kunigombeza vya kutosha, na katekista wetu alipojua habari hii alicheka mupaka akakaa chini, kwa hiyo ni wewe peke yako njo umebaki.

Jina langu ni Athanase, niko muwindaji na mukulima hapa Ntoto, Mukristu wa ubatizo na wa ndoa, baba wa watoto sita, na sasa ni miaka kumi na moja niko nazalisha imbwa za kuwinda. Imbwa yangu ya kike inaitwa Watasema, na kama umekwisha kupita njia ya Walikale huwezi kukosa kusikia jina lake, maana ikishika harufu ya nungu haiiachi hata kama mvua inanyesha, hata kama mimi mwenyewe nimechoka nimekaa, na watu wanatoka mbali kuniomba mutoto wake mbele hata haijapata mimba. Lakini ujue kitu kimoja, Mama, maana njo mwanzo wa taabu yangu: imbwa za pori letu hazibweki. Mungu aliziumba hivyo. Zinanung'unika, zinalia kidogo kama muntu anayeimba na mafua, lakini kubweka wau wau kama imbwa za wazungu wa plantasyo, hapana, njo maana tukienda kuwinda tunazifunga kengele ya muti kwenye shingo ili tujue ziko wapi. Kila muntu wa Walikale anajua neno hili. Muntu wa Masisi, kumbe, hajui.

Mwaka jana Watasema alizaa watoto tano, na mwezi wa tano nikawatia ndani ya kitunga nikawapeleka soko ya Kashebere, na mbele ya saa sita wanne walikuwa wamekwisha kuondoka, wote kwa wawindaji ninaowajua kwa sura, akabaki mumoja, mwekundu, miguu nyeupe kama amevaa soksi, muzuri kuliko wote, na mvua ilikuwa inashuka kwenye vilima nami nilikuwa na mwendo murefu wa kurudi, njo akatokea mama mumoja murefu, wa watu wa ng'ombe, alitoka Karuba kule Masisi na kamyo kununua mafuta ya mawese, jina lake Nyirakamana, mujane, anauzisha maziwa. Akamutoa mutoto katika kitunga, akamunusa kichwa, akaniuliza:

"Papa, mimi natafuta imbwa ya kulinda ndama. Chui alinikulia ndama mbili mwaka huu. Nataka imbwa ya kupiga kelele ili niamuke. Hii itabweka?"

Mama Dorothée, hapa njo nilifanya zambi. Ningesema hapana, neno moja tu, ingetosha. Lakini niliangalia mawingu, nikaangalia kitunga, nikasema: "Mama, mutoto wa Watasema? Utachoka wewe mwenyewe kumusikia. Hata jirani zako wa Mushaki watakuja kukulalamikia." Akafurahi sana. Akanipa mbuzi jike kijana na kibuyu cha siagi, akaondoka amemufunga mutoto ndani ya kikwembe kama mutoto wa muntu, nami nikarudi Ntoto nikiimba.

Miezi ikapita. Mwezi wa kumi, Hakorimana, shoferi wa kamyo inayofanya njia ya Masisi mupaka Kashebere, akanisimamisha katikati ya soko, mbele ya watu wote.

"Athanase, Mama wa Karuba anakusalimu. Anasema imbwa yako iko bubu. Amemupa jina la Ceceka, kwa luga yao ni kusema nyamaza."

Watu wakacheka, nami nikacheka nao, nikajibu kwa sauti ya muntu mukubwa: "Mwambie imbwa ikishatoka katika kitunga changu si yangu tena." Wakacheka zaidi. Niliona nimesema neno la akili sana, na njiani nilikuwa nalirudia peke yangu.

Mwezi wa kumi na mbili ukaja ujumbe wa pili, na safari hii Hakorimana hakucheka. Imbwa inafukuza ndama. Haiumi, lakini iko na nguvu ya kuwinda na pale hakuna muntu wa kuwinda nayo, basi inafukuza kila kitu chenye miguu, ilianza na kuku za jirani, ikaenda kwa mbuzi, na siku moja ndama ya jirani anayeitwa Makuza ilitaka kuruka mufereji, ikavunjika muguu. Wachungaji wote wakakutana, wakamwambia ule mama: tunakupa mupaka Pasaka, imbwa itoke hapa ao Makuza ataipiga mukuki. Na yeye, Mama Dorothée, hakuniomba mbuzi yake. Hakunitukana. Aliniletea swali moja kwa kinywa cha Hakorimana: "Wewe unayemujua mama yake, uniambie, nimufanyie nini mutoto huyu?"

Nilimwambia Hakorimana kwamba nitafikiri. Niko nafikiri mupaka leo.

Godelieve aliponitoa kisa hiki chote kinywani, aliniuliza: "Tulipomuoza Françoise kule Masisi, mwezi wa kwanza ulienda kumwangalia mara ngapi?" Nikasema mara tatu. Akasema: "Na Françoise anajua kusema. Yule hajui hata kubweka." Nikamwambia Françoise ni damu yangu. Akajibu: "Na mutoto wa Watasema, nani alimupokea akitoka tumboni? Nani alimupulizia puani apate pumzi? Ni Bwana Administrateri?" Tangu siku ile anapika, anaweka sahani chini, anaondoka bila neno.

Wawindaji wenzangu wanasema kinyume. Wanasema ukiuzisha kuku, unaenda kuuliza kama inataga? Ukiuzisha jembe, unaenda kulima shamba la watu? Na mimi nikikaa nao naona wana haki, nikirudi nyumbani naona Godelieve njo ana haki, na katikati ya njia sijui kitu.

Na kuna neno lingine, njo limenisukuma kuandika. Watasema iko na mimba tena. Mwalimu mumoja wa Kashebere amekwisha kuniomba mutoto, nikamuuliza unamutaka kwa kazi gani, akasema ya kulinda nyumba. Nikafungua kinywa. Nikakifunga.

Nisaidie, Mama. Wajibu wa muntu anayezalisha imbwa unakwisha wapi? Na nikienda Karuba, si watanicheka mupaka watoto wangu wasikie? Pasaka inakuja.

Ni mimi, Athanase wa Ntoto.


JIBU LA MAMA DOROTHÉE

Papa Athanase,

Nimekusikiliza mupaka mwisho kama ulivyoomba. Sasa nakugombeza.

Kwanza nakushukuru juu ya kitu kimoja: uliandika uongo wako kwa mukono wako, maneno yote, na ile ya watu wa Mushaki, bila kupunguza. Wanaume wengi wananiandikia, na katika barua zao kila siku ni watu wengine njo wenye makosa. Wewe ulijitaja. Kwa hiyo naona dawa ipo.

Lakini usijifiche nyuma ya kuku na jembe. Jembe halijui nani alilitengeneza, na kuku kila muntu anaijua tangu utoto. Imbwa yako ulimutengeneza wewe. Ni wewe uliyechagua baba yake na mama yake ili mutoto azaliwe na moto wa kukimbia, ukasifiwa kwa moto huo miaka kumi na moja, kisha ukautia mikononi mwa mujane mwenye ndama bila kumwambia unaunguza. Anapokimbia sawasawa huko porini, unasema ni mutoto wa Watasema wangu. Anapokimbia vibaya huko Karuba, si wako tena? Uchague. Sifa na taabu vinatembea ndani ya kitunga kimoja.

Na ule mama, soma tena swali lake. Muntu unamudanganya, jirani wanamutishia, na yeye anauliza namna ya kumutunza mutoto wako. Mimi sijafuga imbwa hata siku moja, naiogopa, nikiiona njiani nabadilisha upande. Lakini swali lile limenikaa rohoni wiki nzima.

Unaogopa kuchekwa. Papa, utachekwa. Hilo silipingi. Utachekwa siku moja, ao siku mbili kama Karuba wana nafasi. Ceceka yeye atapigwa mukuki. Ukipima vitu hivi viwili na bado unaona chako kizito, usiniandikie tena.

Fanya hivi. Panda kamyo ya Hakorimana mbele ya Jumapili ya Matawi, usingoje Pasaka yenyewe. Umwambie Mama Nyirakamana ukweli uso kwa uso, na Makuza awepo akusikie, maana yeye pia amepata hasara kwa ulimi wako. Usimutume shoferi, ana kazi yake. Kaa huko siku za kutosha ili umuone mutoto anavyoishi, umufundishe mama yale unayoyajua: anakula nini, anachoka kwa kazi gani, anafungwa kamba lini na kufunguliwa lini. Kisha umuulize mama kama bado anamutaka. Akisema hapana, unamurudisha Ntoto siku ile ile, bila majadiliano na bila kukunja uso. Na ule mbuzi jike, aliyekuwa kijana mwaka jana mwezi wa tano: naona barua yako ndefu hivi haikusema kama amekwisha kuzaa. Nadhani amezaa. Usiende Karuba mikono mitupu.

Kwa mwalimu wa Kashebere, fungua kinywa kile kile, na safari hii utoe neno. Tangu sasa, mbele ya kupokea kitu cha muntu, umuulize imbwa atafanya kazi gani, umwambie ile asiyoweza kufanya, na mukubaliane mbele ya shahidi kwamba ikishindikana mutoto anarudi kwako, si porini wala kwenye mukuki. Usimutoe yeyote asiyejua bado kula peke yake. Na mwezi mumoja ukipita, uende umuangalie.

Mwisho nakuuliza mimi. Walikuwa watoto tano. Umeniandikia habari za mumoja. Wale wanne wako wapi?

Umusalimu Godelieve. Umwambie nimekugombeza, aanze tena kusema na wewe.

Mama Dorothée


BARUA YA PAPA ATHANASE, ILIYOTUFIKIA KISHA PASAKA

Mama Dorothée,

Gazeti lenye jibu lako lilifika Ntoto siku ya tatu ya juma, na watu walilisoma mbele yangu, kwa hiyo nilichekwa kwanza hapa nyumbani, nikaenda Karuba nimekwisha kuzoea.

Nilipanda na Hakorimana, na mbuzi wadogo mbili kati ya miguu yangu, maana ulifikiri vizuri, mbuzi alizaa mapacha. Kufika Karuba, shoferi yule hakunishusha pole pole kama rafiki. Alipiga honi mara tatu akatoa kichwa dirishani: "Ni huyu!" Watu wakatoka katika nyumba zote. Mama Nyirakamana alikuja akifuta mikono, akaniangalia kutoka kofia mupaka viatu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mama."

"Kaa. Kwanza ukunywe maziwa. Kisha nitakutukana."

Nilikunywa pole pole sana. Makuza alikuwa amekwisha kufika, muzee mufupi, amekaa juu ya kinu na mukuki wake umelala kwenye magoti. Nikasimama, nikasema yote. Nikasema: "Mama, imbwa za kwetu hazibweki, hata mama yake, hata babu yake. Nilijua. Nilikudanganya kwa sababu mvua ilikuwa inakuja." Mama akashika kinywa. Nilifikiri analia.

"Athanase," akasema, "unajua mimi nimefanya nini miezi ile yote? Nilifikiri hakupata muntu wa kumufundisha. Kila asubuhi niliingia naye katika zizi, nikapiga magoti mbele yake, nikamubwekea. Mimi! Wau, wau! Yeye ananiangalia tu, anapindua kichwa. Majirani wote wananisikia. Makuza, sema!"

Makuza akasema: "Tulifikiri amenunua imbwa mbili."

Basi pale njo kicheko kilitushika wote, hata muzee mukuki ukamuanguka, na matusi niliyoahidiwa sikuyapata yote, nilipata nusu.

Na Ceceka mwenyewe alikuja pale katikati, amefungwa kamba, mukubwa, mwekundu, mukia umejipinda vizuri kama wa mama yake. Alikuwa amekonda kidogo. Alinusa vidole vyangu, akakaa juu ya kiatu changu. Nikainama, nikamukuna shingo.

Nilikaa Karuba siku tano. Asubuhi ya kwanza nilimuuliza Makuza kitu gani kinamusumbua zaidi ya imbwa hii, akanionyesha shamba lake la viazi chini ya kilima, nungu wamelichimba mustari kwa mustari. Nilimufunga Ceceka kengele ya muti, nikamupeleka mupaka kwenye majani marefu ya bonde, nikamufungua. Mama, mutoto ule hajaona pori tangu azaliwe, lakini alishika njia kama muntu anayerudi kwao. Siku ya kwanza nungu mumoja, siku ya tatu wawili. Makuza alikataa kula nyama ile, alisema watu wa ng'ombe hawatii kinywani kitu chenye miiba, lakini tangu siku ya tatu alikuwa anakuja asubuhi mbele yangu, anangoja kwenye mulango wa Mama Nyirakamana, kofia mukononi. Na imbwa ikisharudi imechoka, tuliipitisha katikati ya ndama kwa kamba fupi, tunailaza, ikiinuka tunairudisha, ikilala tunaipa maziwa. Siku ya tano ndama moja ilimulamba sikio, akafunga macho.

Nilimuuliza mama kama bado anamutaka. Akaniuliza kama nimeugua. Mbuzi mumoja nilimuachia, mwingine nilimupa Makuza juu ya ndama yake, maana muguu ulipona lakini umebaki kombo. Na juu ya chui, nilienda na mama yule Mushaki kwa muntu mwenye imbwa za kubweka, na mbele ya kuchukua mutoto tulisimama kwanza tukamusikiliza mama yake akibweka, sisi wawili, mupaka masikio yakaumia. Mama Nyirakamana akasema: "Sasa ndiyo."

Mwalimu wa Kashebere nimemwambia ukweli. Amekasirika kidogo, kisha akacheka. Atatafuta kwingine.

Sasa nijibu swali lako la mwisho, njo sababu nimeandika tena.

Wakati wa kurudi nilipita kwa wale wanne. Wa kwanza ni munene kama nguruwe, bwana wake anamupenda vibaya, nilimukataza kumupa bugali mara tatu kwa siku. Wa pili anawinda vizuri kuliko mama yake, na nilimwambia bwana wake asiliseme neno hilo Ntoto. Wa tatu alikuwa amebadilishwa kwa muntu mwingine, nikamutafuta siku nzima, nikamukuta yuko sawa, amelala juani. Wa nne alikuwa kwa Nzabandora, muwindaji wa karibu na Kashebere, na nilipofika, Nzabandora alinipa kiti kwanza. Kisha akasema mutoto alikufa mwezi wa saba. Tumbo lilivimba, akaacha kula, siku nne, basi.

Mama Dorothée, ule ugonjwa naujua. Watoto wa Watasema wanaupata, kila uzao mumoja ao wawili, na kuna jani, unaliponda na maji, unawanywesha, siku ya pili wanasimama. Nikamuuliza: "Kwa nini hukunijulisha?"

Alisema tu: "Athanase, sikujua kama ungependa kujua."

Tulitoka pamoja nyuma ya nyumba yake, nimuonyeshe jani lenyewe kama linaota upande ule. Hatukwenda mbali. Lilikuwa limejaa pale pale, karibu na ukuta, watoto walikuwa wanalikanyaga.

Watasema amezaa, Mama. Ni sita, wote wazima, na wote wamekwisha kupata wenyewe niliowauliza maswali mupaka wakachoka. Hakuna anayeondoka hapa kwangu mbele sijamwambia yote, na kila muntu atabeba mutoto kwa mukono mumoja na lile jani kwa mukono mwingine. Godelieve njo anayachuma.

Athanase